Uzito, Afya na Urubani: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara na Vijana wa Mtwara na Lindi

Haya ni maswali ambayo vijana wa Mtwara, Lindi, Masasi, Newala, Nachingwea na Kilwa, pamoja na wazazi wao, huuliza sana kuhusu mwili wa rubani. Viwango vinavyotajwa ni vya ICAO, Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga. Tanzania ni mwanachama, na kwetu leseni zinasimamiwa na TCAA, Mamlaka ya Usafiri wa Anga. Habari za ada, tahasusi na majina ya vyuo hazimo humu.

Rubani anatakiwa awe na kilo ngapi?

Hakuna kilo iliyoandikwa. Masharti ya leseni za marubani duniani yamo kwenye Kiambatisho cha 1 cha Mkataba wa Chicago wa 1944. Kinasema macho yaone kiasi gani na masikio yasikie kiasi gani, lakini kwenye uzito hakikuweka namba, si ya juu wala ya chini. Kinachotakiwa ni mwili usio na kasoro ya kumzima rubani ghafla akiwa angani, au ya kumzuia kushika usukani, kukanyaga pedali na kutoka upesi kukiwa na hatari. Zile "kilo 75" za vijiweni si sharti la leseni.

Lakini usifurahi mapema. Mizani utapanda, tena mara mbili: kwa daktari na kwenye chuo cha urubani. Kila mmoja ana hesabu yake, na majibu ya mtaani hayaelewani kwa sababu watu huzichanganya hesabu hizo mbili.

Kama hakuna kikomo, daktari anapima uzito wa nini?

Anatafuta yanayoandamana na uzito: presha, sukari, moyo, na usingizi. Hili la usingizi nitakaa nalo kidogo, maana huku kwetu mtu akikoroma watu hucheka tu na kusema kalala vizuri.

Mtu mwenye mafuta mengi shingoni, koo lake hulegea na kujiziba akilala. Pumzi hukatika kwa sekunde 10 au zaidi, oksijeni kwenye damu hushuka, ubongo humshtua avute hewa, kisha analala tena. Inakuwa hivyo usiku kucha, yeye mwenyewe hana habari. Mwenye habari ni mkewe. Mchana anasinzia popote anapokaa.

Tarehe 13 Februari 2008 huko Hawaii, marubani wote wawili wa ndege ya shirika la Go!, iliyotoka Honolulu kwenda Hilo, walipitiwa na usingizi. Ndege ikaupita uwanja wa Hilo ikaendelea baharini, waongoza ndege wakiita bila kujibiwa. Baadaye waliamka, wakageuza, wakatua salama. Nahodha alipopimwa baada ya tukio, alikutwa na tatizo hilihili la kukatika pumzi usingizini.

Kwa hiyo ukiwa mnene, daktari atakuuliza kama unakoroma na kama unasinzia mchana. Anaweza kukuzungushia futi ya fundi cherehani shingoni: mwanamume akizidi sentimita 43, hapo kuna la kuchunguza. Ugonjwa wenyewe una tiba, ikiwemo mashine ya kusukuma hewa inayovaliwa puani wakati wa kulala. Waliotibiwa na kudhibitiwa hurudi kazini.

Nina kilo 104, urefu sentimita 172. Nitakataliwa?

Kwa kilo peke yake, hapana. Ila tupige hesabu ya BMI, yaani uzito ukilinganishwa na urefu, ambayo ndiyo daktari ataanza nayo. Urefu kwa mita uzidishe kwa wenyewe: 1.72 mara 1.72 ni 2.96. Gawanya 104 kwa 2.96, unapata 35. Kwa Shirika la Afya Duniani, 25 kwenda juu ni uzito uliozidi, na 30 kwenda juu ni unene uliopitiliza. Nchi za Ulaya zimeiweka 35 kuwa alama ya tahadhari: aliyefika hapo hupewa cheti baada tu ya kuchunguzwa hatari za moyo na usingizi, na kuthibitika kuwa mwili haumzuii kufanya kazi. Hapa si Ulaya, lakini ni kipimo kizuri cha kujitazama kabla hujatazamwa, na wewe umesimama mlangoni kabisa. Ukishuka hadi kilo 88 umeshavuka chini ya 30.

BMI ina upofu wake. Haitofautishi nyama na mafuta. Kuli wa bandari ya Mtwara anayebeba magunia ya korosho tangu ujana anaweza kusoma 31 na tumbo hana. Daktari mzuri atapima kiuno pia, na atasoma majibu ya damu kabla ya kusema neno.

Mbona chuo kimeniambia mwanafunzi asizidi kilo 90?

Hiyo ni hesabu ya ndege, haihusiani na afya yako. Unaweza kuwa mzima kama chuma na bado ukawa mzito kwa ndege ya mafunzo.

Chukua Cessna 152, ndege ya viti viwili ambayo marubani wengi duniani wamejifunzia. Uzito wake wa juu wakati wa kuruka ni kilo 757. Tuseme ndege yenyewe tupu, na vifaa vyake, ina kilo 520. Zinabaki 237. Mafuta yakijazwa ni kama kilo 67. Zinabaki 170 za watu wawili na begi zao. Mwalimu akiwa na 85, mwanafunzi amebakiwa na 85. Mwenye 104 anapitiliza kwa kilo 19, na kilo hizo zitatolewa kwenye mafuta: lita 26 hivi, zaidi ya saa nzima ya kuruka. Ndiyo maana chuo chenye ndege ndogo huweka kikomo chake, na chenye Cessna 172, ambayo huruka na hadi kilo 1,157 ukijumlisha na ndege yenyewe, huwa na mkono mpana zaidi. Kabla ya kukata tamaa uliza wana ndege gani.

Tena si jumla tu. Wanaovuka kwa boti kwenda Msangamkuu wanajua kwamba abiria wakiwa wachache haitoshi, lazima pia wakae panapostahili. Ndege nayo ina kitovu cha uzito chenye mipaka ya mbele na nyuma. Uzito ukirudi nyuma mno, pua inapenda kuinuka, na ndege ikipoteza mwendo ni kazi kuirudisha. Hii hesabu rubani huifanya kabla ya kila safari. Ndiyo sababu abiria wa ndege ndogo hupimwa wao na mabegi yao, na hakuna anayekudharau unapoambiwa upande mizani.

Joto nalo linaingia. Hewa ya moto ni nyepesi, bawa linapata nguvu kidogo, injini nayo inapungua. Ndege nzito saa nane mchana mwezi wa Novemba inakula njia ndefu kuliko saa moja asubuhi. Kwenye njia ya kurukia ya uwanja wa ndege wa Mtwara ndege ndogo haitahangaika, ila kwenye kiwanja kifupi cha udongo utaliona tofauti.

Kwenye ndege kubwa je?

Kilo zako zinamezwa. Dash 8-400 inaruka na takriban tani 29; kilo 20 za rubani si kitu. Kinachobaki ni nafasi: mkanda ufungike, usukani uweze kuvutwa hadi mwisho bila kugota tumboni, na mwili upite kwenye njia ya dharura.

Mimi ni mwembamba na mfupi, kilo 46. Nina nafasi?

Unayo. Wembamba wa kuzaliwa si ugonjwa. Daktari atataka tu kujua kama umepungua ghafla, maana hapo anawaza kifua kikuu, sukari au tezi. Urefu nao kwenye leseni za kiraia haukuandikiwa namba. Utakalishwa kwenye kiti: je, mguu unafika mwisho wa pedali, na macho yanaona juu ya dashibodi? Viti husogezwa, na wafupi wengi hutumia mto.

Jeshini ni habari nyingine, kwa sababu ya viti vya kumrusha rubani nje. Mwaka 2015 Marekani iliwazuia marubani wa F-35 wenye chini ya kilo 62 hivi, kwa hofu kuwa kiti kingewaumiza shingo. Zuio liliondolewa 2017 baada ya marekebisho. Kwa hiyo huko aliyebaki chini alikuwa mwembamba, na mnene kidogo akapaa.

Cheti cha afya kina madaraja gani?

Daraja la Kwanza ni la rubani wa biashara na wa mashirika. La Pili ni la rubani binafsi. La Tatu ni la waongoza ndege, wale wa mnarani. Daraja la Kwanza hudumu miezi 12. Linashuka hadi miezi 6 ukivuka miaka 60, au ukivuka 40 na unabeba abiria kibiashara ukiwa rubani peke yako. Daraja la Pili hudumu miezi 60 kwa aliye chini ya 40, kisha 24, na baada ya 50 inashauriwa kila miezi 12. Nchi inaweza kubana zaidi.

Nipime wapi? Ligula au Sokoine wanatosha?

Cheti chenyewe hutolewa kupitia daktari aliyeidhinishwa na TCAA kwa kazi hiyo. Orodha yao iombe TCAA kabla hujapanda basi la Dar. Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Ligula, Sokoine ya Lindi, Ndanda au Nyangao hazitakupa cheti kwa kuwa tu ni hospitali, lakini zitakusaidia kitu cha maana: kujua mapema. Pima presha, sukari, wingi wa damu, mkojo na macho. Ukikuta tatizo, utalitibu ukiwa nyumbani, bila haraka wala gharama za kulala mjini.

Wazazi, naomba mnisikilize hapa. Msiuze shamba la mikorosho kulipia ada ya urubani kabla mtoto hajapata cheti cha Daraja la Kwanza. La Pili linatosha kuanzia mafunzo, na wengi huanza nalo kwa kuwa ni rahisi. Miaka miwili baadaye wanaenda kutafuta la Kwanza, moyo au kipimo cha kutofautisha rangi kinakataa, na shamba limeshakuwa la mtu mwingine. Kipimo cha daktari ni sehemu ndogo sana ya ada. Kianze hicho.

Ninavaa miwani.

Vaa. Kwa Daraja la Kwanza kila jicho peke yake lifike 6/9 (yaani lisome kwa mita 6 kile ambacho jicho zima husoma kwa mita 9) na yote mawili pamoja 6/6, kwa miwani au bila. Daraja la Pili ni 6/12 na 6/9. Ukiruka na miwani, uwe na ya akiba karibu nawe. Waliofanyiwa upasuaji wa macho wa leza hukubaliwa jicho likishatulia na kupimwa upya.

Na kutotofautisha rangi?

Hapa pagumu, kwa sababu hakuna dawa. Utaonyeshwa kitabu cha madoa cha Ishihara, chenye namba zilizofichwa ndani ya nukta za rangi. Ukishindwa kuna vipimo vya taa, kwa kuwa kinachotakiwa hasa ni kutambua rangi za kazi: nyekundu na nyeupe za taa zinazoonyesha kama unashuka juu mno au chini mno, kijani cha mwanzo wa njia ya kurukia, bluu ya pembeni mwa barabara za kutembezea ndege. Ukishindwa na hizo pia, inabaki Daraja la Pili, tena la mchana tu. Wavulana ndio wanaopata hili zaidi, na wengi hawajui mpaka siku hiyo.

Masikio?

Utavaa spika za masikioni na kubonyeza kila usikiapo mlio. Kwa Daraja la Kwanza hasara isizidi desibeli 35 kwenye milio ya hezi 500, 1,000 na 2,000, wala 50 kwenye 3,000. Wapiga baruti wa uvuvi haramu na madijei wa vigodoro, mnaharibu kwa mikono yenu.

Nina presha. Baba ana sukari.

Ya baba haikuhusu, ila daktari ataiandika na kukufuatilia. Presha yako ikidhibitiwa kwa dawa zinazokubalika unaweza kupewa cheti. Usikimbie ngazi wala kunywa kahawa kabla ya kupimwa, na kama hospitali inakutia hofu, mwambie, atarudia. Sukari inayodhibitiwa kwa chakula, au kwa vidonge vinavyoruhusiwa kwa rubani, inapita. Ya sindano za insulini hairuhusiwi kwa kiwango cha ICAO, ingawa nchi chache kama Uingereza na Marekani zimefungua mlango kwa masharti makali. Kinachoogopwa ni sukari kushuka ghafla na rubani kuzimia. Kifafa, jibu ni hapana.

Selimundu?

Tofautisha mgonjwa na mbebaji. Mwenye vinasaba vya AS, asiyeumwa, kwa kawaida anakubalika. Mwenye SS, anayepata maumivu na kulazwa, ni vigumu, kwa kuwa upungufu wa oksijeni huko juu ndio unaozichochea seli kujikunja. Kama hujui hali yako, pima.

Nina ngiri. Na yule mwenye busha?

Swali hili huulizwa kwa kunong'ona, na halina aibu, pwani yetu matende na mabusha tunayafahamu. Ngiri inayoweza kunasa na kuleta maumivu ya ghafla ni kikwazo mpaka ifanyiwe upasuaji. Busha huangaliwa kwa mtindo huohuo: je, linakuzuia kukaa, kufunga mkanda, kukanyaga? Yote mawili hupasuliwa, unapona, unarudi kwa daktari. Nenda mapema.

VVU na kifua kikuu?

Kifua kikuu kinachoendelea, hapana, mpaka upone. Makovu ya zamani yaliyotulia hayakuzuii. VVU peke yake si mwisho wa safari: anayetumia ARV vizuri, akachunguzwa na kuonekana hali haitaingilia kazi, anaweza kupewa cheti.

Nikiugua malaria au mafua?

Huruki. Homa, kizunguzungu na dawa havikai pamoja na usukani. Maliza mseto, upate nafuu kamili, kisha rudi. Kinga ya malaria iitwayo mefloquine haifai kwa marubani kwa sababu ya kizunguzungu na matatizo ya akili inayoweza kuleta. Mafua watu huyadharau, lakini pua ikiziba hewa haina pa kuingilia ndani ya sikio wakati wa kushuka, na ngoma ya sikio inaweza kupasuka. Ukimeza Piriton umeongeza usingizi juu yake. Mitishamba nayo itaje kwa daktari.

Msimu wa mabibo, uraka kidogo?

Marekani imeweka saa 8 tangu tone la mwisho, na kiwango kwenye damu kisifike asilimia 0.04. Mwenye busara huongeza saa. Uraka haukaguliwi nguvu, na nipa ndiyo kabisa, hujui umekunywa kiasi gani cha pombe halisi, na ini halikubali kuharakishwa kwa kahawa wala maji baridi. Usiku wa kuamkia safari, kaa mbali.

Ramadhani rubani anafunga?

Msafiri ana ruhusa ya kula na kulipa siku nyingine, na rubani ni msafiri. Tatizo la kitaalamu ni maji na sukari kushuka, hasa alasiri. Wengi huruka siku walizokula na kufunga siku za mapumziko. Wengine hawajisikii vizuri na hilo, na ni jambo la kuzungumza na mwajiri pamoja na sheikh wako mapema, siyo asubuhi ya safari.

Nikificha ugonjwa watajuaje?

Wanaweza wasijue. Ndilo la kutisha. Tarehe 24 Machi 2015 rubani msaidizi wa Germanwings aliiangusha ndege kwa makusudi kwenye milima ya Alps huko Ufaransa, watu 150 wakafa. Alikuwa anaumwa akili, madaktari walimwandikia asifanye kazi, akaficha karatasi. Tangu hapo marubani wanahimizwa kusema wakizidiwa na mawazo, na wengi hurudi kazini baada ya kutibiwa. Fomu ya afya ni tamko la kisheria. Uongo ndani yake unaweza kukugharimu leseni hata kama ugonjwa wenyewe usingekuzuia.

Nimeolewa. Nikipata mimba?

Mwambie daktari wako wa anga mara moja. Mimba isiyo na matatizo, rubani anaweza kuruhusiwa kuanzia mwisho wa wiki ya 12 hadi mwisho wa wiki ya 26, chini ya uangalizi. Ukishajifungua utapimwa upya.

Umri?

Leseni binafsi kuanzia miaka 17, ya biashara 18, ya nahodha wa mashirika 21. Safari za kimataifa za biashara hukoma ukifika 65 kwenye ndege ya marubani wawili, 60 ukiwa peke yako.

Nipunguze uzito vipi kabla ya kupimwa?

Polepole, nusu kilo hadi kilo moja kwa wiki. Vidonge vya kupunguza mwili achana navyo, baadhi vina vichangamshi vinavyopandisha presha na mapigo ya moyo, utafeli kipimo ulichokuwa utakipita. Kuacha kunywa maji siku mbili kabla ni kujidanganya; mkojo utasema. Angalia sahani: ugali wa muhogo mlima mzima, wali wa nazi usiku, na korosho za kutafuna mchana kutwa. Gramu 100 za korosho zina kalori kama 550, na nani anaishia gramu 100 huku? Samaki tunao, mboga ya kisamvu ipo, punguza nazi. Tembea ufukweni jua likipoa.

Nazamia na mitungi kwenye ghuba ya Mnazi. Kuna shida?

Kuzamia kwa pumzi zako, kama wanaotafuta pweza, si tatizo. Kwa mtungi, naitrojeni huyeyuka kwenye damu kwa shinikizo la maji, na ukipanda angani kabla haijatoka hugeuka mapovu mwilini. Acha saa 24 zipite, hata ukiwa abiria. Likizo ya Msimbati izamie siku za mwanzo, na siku ya mwisho kabla ya kurudi Dar kwa ndege iache iwe ya mchangani tu.